Penseli ya Kijani na Dakika ya Kuchonga: Tathmini ya Faber-Castell 9000

Niliinunua penseli hii kwa ajili ya kazi, wala sikuwa natafuta raha yoyote. Shughuli yangu ni kusoma na kusahihisha miswada ya watu wengine, na kwa miaka mingi nilitumia kalamu nyekundu ya wino, hadi mwandishi mmoja aliponirudishia kurasa zake akaniomba, kwa upole mkubwa, nimsahihishe bila kumtoa damu. Nikafikiri kwamba alama inayofutika ingemwachia yeye nafasi ya kukataa na mimi nafasi ya kujirudi, basi nikaagiza penseli kadhaa za Faber-Castell 9000 za madaraja tofauti. Nimezitumia kila siku ya kazi kwa miezi saba sasa, na nitaeleza jinsi zinavyoandika, lakini sehemu kubwa ya tathmini hii itahusu jambo ambalo sikulilipia na sikulitarajia, yaani ile dakika moja ninayoacha kuandika ili nichonge.

Kampuni yenyewe ilianza mwaka 1761 huko Stein, karibu na mji wa Nuremberg nchini Ujerumani, na penseli ya aina hii ilitoka mwaka 1905. Mwili wake una pembe sita na umepakwa rangi ya kijani iliyokolea, maandishi yake ni ya dhahabu, na pembeni kuna mchoro mdogo wa mashujaa wawili juu ya farasi wakielekezeana mikuki, mchoro ambao nilikaa nao wiki tatu kabla ya kuuona. Pembe hizo sita si pambo tupu, kwa sababu huizuia penseli kubingirika mezani, na vidole vitatu vinavyoishika hupata kila kimoja upande wake wa kutulia. Inapokuwa mpya ina urefu wa takriban sentimita 17 na nusu, na ni nyepesi kiasi kwamba baada ya saa nne za kusahihisha mkono haulalamiki, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kalamu nyingi za wino nilizowahi kumiliki. Watu wa sanaa nao wamezisifu penseli za kampuni hii tangu zamani, hata kabla ya aina hii kutoka: Vincent van Gogh alimwandikia rafiki yake mchoraji mwaka 1883 akimweleza jinsi penseli za Faber zilivyo laini na zinavyotoa weusi mzuri.

Kiswahili kina jina jingine la chombo hiki, kalamu ya risasi, na jina hilo limehifadhi kosa la kale ambalo lugha nyingi zimelirithi. Grafiti safi, yaani yale madini meusi yanayoandika ndani ya penseli, ilipogunduliwa katika karne ya 16 huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu waliidhani ni jamii ya risasi, ile metali nzito, kwa sababu ya rangi yake, ilhali ni kaboni tu, ile ile iliyomo katika makaa na almasi. Wafaransa walipokuwa vitani na Waingereza mwishoni mwa karne ya 18 na kukosa grafiti hiyo, Nicolas-Jacques Conté alibuni njia ya kusaga grafiti duni, kuichanganya na udongo wa mfinyanzi na kuichoma tanuruni, naye akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mwaka 1795. Ninaeleza hayo kwa sababu bila udongo huo madaraja ya penseli hayaeleweki. Udongo ukizidi, kiini huwa kigumu na mstari huwa mwembamba wa kijivu, nayo penseli huandikwa herufi H; grafiti ikizidi, kiini huwa laini na cheusi, nayo huandikwa B. Faber-Castell 9000 ina madaraja 16, kuanzia 8B iliyo laini kabisa hadi 6H inayokaribia kuikwaruza karatasi, na mtu anapohama kutoka H hadi 2B kwenye ukurasa ule ule, tofauti anayoihisi kidoleni ni kipimo cha udongo na grafiti tu.

Nilianza na H, kama mtu yeyote mwenye bidii angefanya, kwa kuwa ncha yake inadumu. Ningeweza kupitia kurasa kumi bila kuigusa, na mistari yake ilikuwa nadhifu, haichafui mkono wala haipaki ukurasa wa pili. Tatizo ni kwamba ilikuwa nadhifu kupita kiasi: mwandishi mmoja mwenye macho dhaifu aliniambia kwamba aliona nusu tu ya masahihisho yangu, na aliponionyesha kurasa hizo chini ya taa hafifu nami sikuona zaidi ya hiyo nusu. Nikahamia 2B. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu 2B huanza kuwa butu baada ya kurasa mbili au tatu, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikajikuta ninachonga penseli mara kumi kwa siku.

Sijui namna ya kueleza furaha hii bila kuonekana mtu asiye na mengi ya kumfurahisha, lakini nitajaribu. Unaingiza ncha iliyochoka kwenye kichongeo, unazungusha mara nne au tano, na mbao inatoka katika utepe mmoja mwembamba unaojikunja kama marinda ya gauni, wenye pindo la kijani. Sauti yake ni ya chini, ya kitu kinachokubali kukatwa. Harufu ya mbao inapanda mara moja kisha inapotea, na hairudi mpaka zamu nyingine. Halafu unapuliza vumbi jeusi, unajaribu ncha kwenye pembe ya karatasi, na neno la kwanza unaloandika linatoka jembamba, jeusi, lenye kingo kali, zuri kuliko maneno yote yaliyolitangulia katika ukurasa huo. Uzuri huo unadumu kwa mistari mitano hivi, kisha unaanza kunenepa polepole, na ninadhani ni kunenepa huko kunakoifanya ncha mpya iwe na thamani, kwa maana kalamu isiyobadilika haimpi mtu cha kungojea. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, lakini hii ni ngojangoja ya pekee, inayojulikana itakoma lini na kwa nini.

Kuna jambo la pili ambalo nililitambua baadaye. Kompyuta yangu haichoki, haiwi butu na haina sababu yoyote ya kuniambia nipumzike, kwa hiyo ninapofanya kazi juu yake ni mimi ninayekuwa butu, tena bila kujua, mpaka nisome sentensi ile ile mara tatu. Penseli huchoka kabla yangu. Kila baada ya kurasa mbili au tatu inanilazimisha kunyanyua macho, kuangalia mahali pengine na kufanya kwa mikono kitu kisichohitaji uamuzi, na mara nyingi sentensi iliyonishinda nilipokuwa nimeikodolea macho hujinyoosha yenyewe wakati ninachonga. Lazima nikiri kwamba nimeanza kutafuta visingizio. Wiki iliyopita nilijifumania nikichonga penseli iliyokuwa na ncha kali kabisa, na kama ningeulizwa sababu nisingekuwa na jibu la heshima.

Kuhusu kichongeo nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa nusu ya watu wanaosema hawazipendi penseli wamedhulumiwa na kichongeo kibaya. Cha kwanza nilichotumia kilikuwa cha plastiki, kisicho na jina, na kilitafuna mbao badala ya kuikata, kikaacha ukingo wenye nyuzinyuzi na kuvunja kiini mara tatu mfululizo. Niliilaumu penseli bure. Nilipokibadilisha kwa kichongeo cha chuma chenye wembe uliofungwa kwa skrubu, ambao ukichoka hutolewa na kuwekwa mwingine, kuvunjika kulikoma siku hiyo hiyo. Shika kichongeo kitulie, zungusha penseli, usiikandamize, na ukisikia mkwaruzo mkavu badala ya ile sauti ya chini, ujue wembe umekwisha. Wapo wanaochonga kwa kisu kidogo ili kupata ncha ndefu kama ya wachoraji, nami nimejaribu mara kadhaa siku za mapumziko. Raha yake ni kubwa zaidi, ila inachukua dakika tano, na hakuna mhariri atakayeeleweka akisema amechelewesha muswada kwa sababu hiyo.

Jambo moja la ufundi linastahili sifa. Penseli nyingi zikianguka sakafuni huonekana nzima kwa nje ilhali kiini chake kimekatika vipande vipande ndani ya mbao, na mwenyewe hugundua hilo siku ya kuchonga, ncha inapodondoka, ikifuatwa na nyingine, na nyingine. Katika aina hii kiini kimegandishwa kwa gundi kwenye mbao kwa urefu wake wote. Mimi ni mtu wa kuangusha vitu, na zangu zimeanguka kwenye saruji mara nyingi zaidi ya ninavyotaka kuhesabu, lakini hakuna iliyonidondoshea ncha kwa sababu hiyo.

Kasoro zipo. Penseli hii haina raba upande wa pili, kwa hiyo ni lazima ubebe kifutio cha peke yake, na kifutio cha peke yake kimeumbwa kupotea. (Hataza ya kuunganisha raba na penseli ilitolewa Marekani mwaka 1858 kwa Hymen Lipman, kisha Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaitangua mwaka 1875, kwa hoja kwamba kuviweka pamoja vitu viwili vinavyojulikana, kila kimoja kikiendelea na kazi yake ya awali, si uvumbuzi. Majaji hao, nadhani, hawakuwahi kutafuta kifutio chini ya meza.) Kuanzia 4B kwenda juu, grafiti hupaka kiganja na kuhamia ukurasa wa jirani, na anayeandika kwa mkono wa kushoto ataliona hilo mapema zaidi. Alama nyepesi za H hufifia mno ukurasa unapopigwa picha au kunakiliwa kwa mashine. Tena haifai kwa hati za kutia sahihi, kwa sababu ile ile inayoifanya ifae kwa masahihisho.

Kwa anayetaka kuandika tu, HB, iliyo katikati ya H na B, inatosha, na kwa anayechora ni afadhali achukue kuanzia 2B hadi 6B na asihangaike na madaraja yote 16, kwa kuwa ya katikati hukaribiana mno. Kwa anayefanya kazi ndefu ya mezani na asiyejua kupumzika, ushauri wangu ni 2B, na sababu yangu ni hiyo hiyo ambayo wengine wataiita kasoro, kwamba inakuwa butu upesi. Muswada wangu wa mwisho ulikuwa na kurasa 340 na ulikula penseli moja nzima na robo ya nyingine; nimeuona ukipungua mezani sentimita kwa sentimita, jambo ambalo faili la kompyuta halijawahi kunionyesha. Kipande kilichobaki cha ile ya kwanza hakishikiki tena, nami nimekiweka kwenye gilasi pamoja na maranda ya siku ile ya ukurasa wa mwisho. Nimekwisha kuagiza 2B nyingine sita na 4H moja, na hiyo 4H ni ya mahesabu ya kodi, ambako sitaki kusimamishwa na chochote mpaka niyamalize.