Fundi kaniambia bakapu yangu ni virusi

Nianze na haki yake: mkono anao. Duka liko Mwanjelwa, Mbeya, jina nalihifadhi. Kufungua kompyuta ya mezani, kung'oa diski iliyokufa na kufunga SSD (diski mpya ya kisasa, isiyozunguka), kazi hiyo aliifanya safi. Skrubu zote zilirudi mahali pake, hata vumbi la kwenye feni alilipuliza bila kuombwa. Bei nayo ya kawaida. Kwa mikono peke yake ningempa nyota nne nikalale zangu.

Sasa huo mdomo.

Diski yangu ya zamani ilianza kugonga ndani kama mgeni anayebisha hodi, kesho yake ikazima moja kwa moja. Sikutetemeka, kwa sababu siku chache kabla nilikuwa nimeichukulia imeji, yaani nakala ya diski nzima, kwenye eksteno (diski ya nje) kwa programu ya bure iitwayo Rescuezilla. (Zamani nilitumia Macrium Reflect ya bure, ila wenyewe waliacha kuihudumia mwanzoni mwa 2024.) Unaiweka Rescuezilla kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa hiyo flashi, Windows haiguswi kabisa. Na imeji si sawa na kuburuta picha za harusi kwenye flashi. Inabeba kila kitu: Windows yenyewe, programu, mahesabu ya kikoba chetu cha Uyole, mpaka ile patisheni (sehemu ya diski) ndogo ya kuwashia ambayo hata huioni ukifungua kompyuta. Nafasi tupu inairuka, ndiyo maana diski ya GB 500 ilinipa imeji isiyofika GB 70.

Hiyo 70 ndiyo iliyoleta maneno na fundi, tulipofika kwenye kuchagua SSD.

"Mama angu, kama data ni sabini, chukua ya 240. Ya nini kujiumiza?"

Nikamweleza taratibu: kijana wangu, imeji inarudi pamoja na mipaka ya patisheni zake. Diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ile ya mwanzo. Hata ya 480 itagoma. Akawageukia wateja waliokuwa kwenye benchi: "Jamani, huyu mama kasomea wapi?" Benchi zima likacheka. Mtu mzima mimi, nimesimama na kitenge changu na eksteno mkononi, nachekwa na watu waliokuja kubadilishiwa chaji.

Nikanyamaza. Akachomeka eksteno ili "aangalie kama kuna kitu". Akakuta majina ya aina ya sda2.ntfs-ptcl-img.gz.aa, vipande kwa vipande. Ndivyo imeji ya programu hii inavyokaa, na picha moja moja huzioni humo mpaka uirudishe au uifungue kwa programu yenyewe.

"Mama, hivi ni virusi. Hakuna Word, hakuna picha. Ngoja nifomati, halafu nikupigie window mpya."

Na mshale ulikuwa umeshafika kwenye Format! Sikumbuki nilisema nini, ila nilisema kwa sauti, na eksteno niliichomoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Najua hakukusudia ubaya. Alidhani ananisaidia. Lakini hapo hapo hasira inanipanda upya: jiji hili lina vyuo, wanafunzi wanapeleka laptopu zenye tafiti zao kwa mafundi kama huyu. Wangapi wameambiwa "virusi" wakaitikia "sawa kaka", wakaenda nyumbani na window mpya na diski nyeupe? Mimi angalau nilijua ninachokiona. Mwenzangu asiyejua angelia na nani?

SSD ya 500 kumbe alikuwa nayo kabatini muda wote. Akaifunga huku akiguna. Kurudisha imeji nilifanya mwenyewe nyumbani: nikachagua eksteno, nikachagua diski mpya, nikathibitisha, nikakaa na chai nikiomba umeme usikatike. Kompyuta ikawaka na kila kitu chake, mpaka karatasi ya kikoba niliyokuwa nimeiacha nusu. Na sasa inawaka upesi hadi najiuliza miaka yote ile nilikuwa nangoja nini. Rescuezilla nyota tano, wala sijadiliani na mtu.

Dukani je? Nilitaka kuandika msiende kabisa. Ila feni haijawahi kutulia hivi tangu niinunue, na kwa kufunga diski tu sijamwona mwenye mkono mwepesi kama wake pale Mwanjelwa. Basi nendeni, eksteno mziache nyumbani. Nyota mbili, ya pili ni ya feni.

Hapana. Nimelikumbuka lile benchi. Moja.