Steshenari yangu baada ya Windows 10: Mint imenifaa, printa ndiyo imenitesa

Nina steshenari ndogo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mashine inayonilisha ni HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 iliishiwa muda wake wa masasisho, na Windows 11 ikaikataa: inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, yangu ni ya 6. Fundi mmoja alinitajia bei ya laptopu nyingine hata hajaigusa hii. Wa pili akasema anaipiga Windows 11 hivyo hivyo, anakwepa ukaguzi. Inawezekana, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na kwangu watu wanaingiza nywila za Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, na za mikopo ya chuo. Niliogopa.

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, usifute kitu. Ijaribu kwanza kwenye flashi." Tukashusha Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, karibu GB 3, kwa bando la usiku. Ikawaka kutoka kwenye flashi, Windows ikiwa ndani haijaguswa; Wi-Fi ikashika, sauti ikatoka. Wiki iliyofuata tukatoa hadi diski ya zamani, tukaweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ndipo tukaipiga Mint moja kwa moja. Nakiri nusu ya sifa ni za SSD. Zamani nilikuwa nawasha, nafagia, nabandika chai, ndipo inafunguka.

Kazi za mtandaoni hazijanisumbua hata siku moja. Za Word ndizo zina maneno. LibreOffice, programu ya bure ninayotumia badala ya Word, inazifungua, lakini CV moja yenye jedwali ilihama hadi mdhamini wa mwisho akabaki peke yake ukurasa wa pili. Sasa anayetaka kuprinti tu namwomba alete PDF.

Printa sasa. Leza yangu ya zamani, chapa siitaji, haina draiva ya Linux, yaani programu ya kuifanya ielewane na kompyuta. Tulijaribu draiva ya kubahatisha asubuhi moja, mzee anasubiri barua yake ya kijiji: ikavuta karatasi, ikanguruma, ikatoa nyeupe. Ikavuta nyingine, nyeupe tena. Mzee akauliza, "Mwanangu, wino umeisha?"

Kwa hiyo kompyuta yangu ya mezani ya zamani nimeiacha na Windows 10, kwa printa hiyo na kadi za harusi nilizotengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft isiyo na toleo la Linux. Nimeiandikisha kwenye masasisho ya nyongeza ya usalama ya Microsoft hadi Oktoba 2026. Yanauzwa dola 30, lakini mimi sikulipa, niliingia kwa akaunti ya Microsoft nikahifadhi mipangilio huko.

Kabla ya Oktoba hiyo nanunua printa nyingine. Nitakwenda dukani na hii laptopu begani, niichomeke, nitoe kurasa mbili muuzaji akiona, ndipo nifungue pochi.