Leza ya bei chee au leza isiyokusumbua? Tunazipambanisha hapa Mbeya

Habari zenu wadau, kamwene kwa watu wangu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu, leo tuko hapa Mwanjelwa na mashine mbili za leza mezani, zile zinazokata na kuchora kwa mwanga mkali, kwa sababu inboksi yangu imejaa swali lile lile, kaka nataka nianze kukata kadi za harusi na toppa za keki, nichukue ile ya bluu ya China au nijichange nipate ile ya kisasa? Subiri kwanza, hela usitoe.

Hii ya kushoto ndo K40. Sio kampuni hiyo, ni aina tu, viwanda kibao China vinatengeneza sanduku hili hili la bluu na nyeupe, na asili yake ni mashine ya kuchongea mihuri ya mpira, ndo maana sehemu ya kukatia ni ndogo, sentimita 30 kwa 20 hivi, karibu saizi ya karatasi ya A4. Jina linasema wati 40 ila tyubu ya ndani, lile bomba la kioo linalotoa mwanga, ina urefu wa sentimita 70 tu, na tyubu ya urefu huo unapata wati 30, 35 ikijitahidi sana. Kule China inauzwa dola mia tatu mpaka mia tano hivi. Hapo hujalipa meli, hujalipa kodi, hujalipa gari la kutoka Dar.

Hii ya kulia ni ya dada mmoja wa kadi jirani yangu hapa, kaniazima, na jina la kampuni nimeliziba na tepu maana hakuna aliyenilipa. Ukiona Glowforge au xTool P2 ndo familia yenyewe: imefungwa vizuri, ukifungua mfuniko mwanga unakata, ina kamera juu, unaweka kibao chako unakiona kwenye kompyuta unavuta mchoro unaubandika pale unapotaka, unabonyeza, basi. Mtoto wa fomu two anaweza. Bei yake ni dola elfu kadhaa. Najua, umeguna.

Sasa ona. Kamera isogee hapa, karibu zaidi. Hii plaiwudi nyembamba ya Mafinga, ya paini, mnaijua. Zote mbili zinakata, tena ukishaseti vizuri ukiniletea vipande viwili sikwambii kipi kimetoka wapi, na hilo watu hawapendi kulisikia, kwamba yule wa dola elfu kadhaa hajanunua mkato mzuri zaidi, kanunua kutokusumbuka. Paini ina utomvu, moshi wake unanata, unapanda juu unakaa kwenye lenzi, kile kioo kinachokusanya mwanga, ukiacha bila kufuta lenzi inachemka inapasuka. Kwa hiyo ukichukua K40 ifungie pampu ya upepo siku ya kwanza, upepo upulize pale pale inapokata, maana nyingi zinakuja bila hiyo kitu, na feni yake ya kutolea moshi nayo ni utani mtupu.

Haya tuje kwenye K40 yenyewe maana hapa ndo watu wanalia.

Umeagiza, imefika Dar, wakala kakupigia, umeipakia kwenye basi. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, ipande Kitonga, ishuke mashimo yote mnayoyajua, na ndani kuna bomba la kioo na vioo vitatu vya kurushia mwanga. Unadhani vitafika vimekaa vile vilivyofungwa kiwandani? Kwa hiyo ikifika usiunganishe umeme, fungua mlango wa nyuma umulike tyubu na tochi, iangalie mwanzo mpaka mwisho, ikiwa na ufa piga picha mtumie muuzaji kabla hujagusa chochote. Ikiwa nzima unaanza kunyoosha vioo, na hii kazi haina njia ya mkato: unabandika tepu ya karatasi mbele ya kioo cha pili, unapiga mwanga kidogo tu, unaona kadoa. Unasogeza reli mbali, unapiga tena. Kadoa kakihama unakaza skrubu za kioo cha kwanza kidogo kidogo mpaka karibu na mbali doa liangukie palepale, ndo unahamia kioo kinachofuata, na ukimaliza kile cha mwisho unakuta cha kwanza kimehama unaanza upya. Mtu mwenye moyo wa ufundi anaipenda hii kazi. Mwenye oda ya kadi mia mbili za send-off Jumamosi ataitupa mashine barabarani.

Na jamani umeme. Ile tyubu inawashwa na saplai inayotoa volti elfu kumi na tano mpaka elfu ishirini. Hiyo haikurushi ukasimulia, inaua. Mashine nyingi za hivi nyaya za athi zimefungwa ovyo, na nyumba zetu nyingi hapa soketi ina tundu la athi ila nyuma yake hakuna waya wowote, kwa hiyo mwite fundi umeme achimbie athi ya kweli, aipime, ndo uwashe. Na mfuniko wa K40 nyingi ukifungua mwanga hauzimi, unaendelea tu, na ule mwanga hauonekani kwa macho ila macho yako unayachoma. Swichi ya mfuniko ni hela ndogo, fungeni.

Kuna kitu kimoja sisi wa huku juu tumependelewa. Tyubu inapozwa na maji, na maji yanatakiwa yawe kwenye nyuzi 15 mpaka 20 hivi, mtu wa Dar anahangaika na barafu kwenye ndoo wakati mimi ndoo yangu iko chini ya meza hapa imetulia. Maji yenyewe usichote bombani, nunua maji ya betri, yale maji masafi, sio asidi, soma lebo, maana maji ya bomba yana chumvi yanapitisha umeme na baada ya muda yanaota ukijani. Ila wa Makete, wa Njombe, wa kule Kitulo, nisikilizeni vizuri: mwezi wa sita na wa saba usiku ikipiga barafu, maji yaliyobaki ndani ya tyubu yakiganda kioo kinapasuka. Mkifunga duka yatoeni, au mashine ilale ndani kwenye joto.

Na hii ya kisasa nayo baridi inaihusu, tena kwa namna ya kuchekesha. Glowforge ile ya kawaida kampuni yenyewe inasema itumike chumba kikiwa kati ya nyuzi 16 na 24. Sasa asubuhi ya mwezi wa saba Mbeya hii, nyuzi 16 unazitoa wapi? Unamwambia mteja subiri jua litoke? Alafu Glowforge programu yake iko mtandaoni, mchoro unakwenda kwenye seva zao ndo unarudi kwenye mashine, kwa hiyo bando likiisha au mtandao ukigoma umekaa na sanduku zuri sana la kuwekea maua. Walichangisha zaidi ya dola milioni 27 mwaka 2015 kabla hawajatuma mashine, watu waliipenda mno hiyo, na siwalaumu maana ni rahisi kweli kuitumia, ila ilibuniwa kwa ajili ya mtu ambaye intaneti yake haikatiki. Mimi kwa huku ningeangalia zile ambazo unaweka programu kwenye kompyuta yako inafanya kazi hata bila mtandao, xTool P2 iko hivyo, ina wati 55.

K40 upande wa programu, bodi inayokuja nayo haisomi LightBurn ambayo kila mtu anaisifia, ila kuna ya bure inaitwa K40 Whisperer, unachora kwenye Inkscape nayo ya bure, unakata. Sura yake mbaya. Inafanya kazi.

Sasa mi nasimama wapi. Mimi nachukua K40, ila sababu sio bei. Siku ikifa, na itafa, tyubu za bei hii ukipata saa elfu moja za kazi shukuru, naagiza tyubu kwa muuzaji yeyote, saplai kwa muuzaji yeyote, lenzi, vioo, bodi, na nafunga mwenyewe hapa hapa. Ni kama pikipiki za boda, kila kona kuna spea. Ile nyingine ikifa kwa sehemu kubwa unamwandikia kampuni aliyeitengeneza ndo umsubiri yeye. Dada yangu mwenye hii mashine yeye hataki kushika bisibisi, ana wateja, ana haraka, kwake hii ya kulia imeshajilipa na ningemshangaa sana angechukua ya bluu. Kwa hiyo jiulize wewe ni nani kati yetu wawili, na usijidanganye hapo.

Ah, kuna wanaoniuliza zile ndogo za wazi zenye mwanga wa bluu, za dayodi. Mbao zinakata, ngozi zinachora, ila akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, ikiwa inayoona ng'ambo mwanga unapita tu kama hakuna kitu. Toppa za akriliki ya wazi sahau.

Na zote, ya bei na ya bei chee: usikate plastiki ya PVC wala ngozi bandia usiyoijua, inatoa gesi yenye klorini, inakula mapafu yako na vyuma vya mashine pamoja. Hujui ni nini? Chukua waya wa shaba, upashe moto mpaka uwe mwekundu, gusisha kwenye hiyo plastiki uchukue kidogo, rudisha kwenye moto, mwali ukigeuka kijani ina klorini, rudisha dukani. Na mashine ikiwa inakata usiende kunywa chai. Inawaka moto, nimeona.

Mnaoagiza wiki hii, kwenye oda mwandikie muuzaji kwa maneno kabisa volti 220, maana zipo za 110 na atakutumia yoyote iliyo karibu na mkono wake. Vipimo vya pampu ya upepo na ile swichi ya mfuniko nawawekea hapo chini, mwenye swali la kunyoosha vioo aulize huko huko ntamjibu usiku nikifunga.