TKC 80 mbele, K60 Scout nyuma: uzoefu wangu wa matairi ya lami na vumbi

Kwenye pikipiki yangu, Kawasaki KLR650, sifungi matairi pacha. Mbele kuna Continental TKC 80, saizi 90/90-21, lenye meno makubwa yaliyoachana. Nyuma kuna Heidenau K60 Scout, 130/80-17, ambalo meno yake yamebanana na katikati lina utepe wa mpira usiokatika. Wengi wakiona mbele ni kali kuliko nyuma hudhani nimechanganya, lakini sababu ipo. Tairi la nyuma likiteleza kwenye changarawe unapunguza moto (nguvu ya injini) kidogo, pikipiki inarudi kwenye mstari. La mbele likiteleza, mara nyingi huna muda wa kufanya lolote. Na la nyuma ndilo linalosukumwa na injini na kubeba mizigo, kwa hiyo meno laini yaliyoachana yanaliwa haraka sana huko kwenye lami ya moto.

Matairi haya huuzwa kwa namba kama 50/50 au 80/20, yaani sehemu ya lami na sehemu ya vumbi. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinakifuata katika kutoa namba hizo, kwa hiyo mimi siziamini sana. Natazama nafasi kati ya meno, kina chake, na kama katikati pana utepe. Kisha nasoma ubavuni. Alama 54 maana yake tairi linabeba kilo 212. 65 ni kilo 290. Herufi Q ni mwendo wa hadi kilometa 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi lililokaa stoo miaka mingi mpira wake unakuwa mgumu hata kama meno yote yapo.

Barabarani, TKC 80 linashika lami kuliko sura yake inavyoonyesha, hata kukiwa na mvua. Mlio wake unaongezeka kadiri meno yanavyolika kwa mshazari, upande mmoja chini na mwingine juu. Hilo ni kawaida ya meno marefu mbele, kwa sababu kila ukikamata breki jino linapinda. Upepo ukiwa mdogo ndiyo linaharibika zaidi. K60 linatulia kwenye safari ndefu zenye mizigo na halichoki upesi. Gharama ya ule utepe wa katikati inaonekana kwenye matope: hauna pa kung'ata, na udongo wa mfinyanzi unajaa kwenye mifereji hadi tairi linazunguka tu. Anayepita matope kila siku afunge Dunlop D606, tairi la meno makubwa, mbele na nyuma, akubali kubadilisha la nyuma mara kwa mara. Anayegusa vumbi kwa nadra, Shinko 705, ambalo ni la lami zaidi, linamtosha.

Kufunga ndiko kunakoharibu matairi mazuri. Ubavu wa K60 ni mgumu, kwa hiyo lianike juani kwanza, pakaa maji ya sabuni, na hakikisha upande wa pili wa tairi umezama kwenye mfereji wa katikati ya rimu kabla hujanyanyua na chuma. Ukilazimisha, unaibana tyubu. Kwa kuwa rimu za KLR ni za spoki, lazima tyubu iwepo hata kama tairi limeandikwa TL, yaani la kutumika bila tyubu. Bandua karatasi zilizogandishwa ndani ya tairi, maana zinaisugua tyubu hadi itoboke. Ipake tyubu poda. Angalia mshale wa mzunguko. Nati ya vali usiikaze kwenye rimu; ipandishe juu ikutane na kifuniko. Tairi likihama, vali inalala upande na utaiona mapema, badala ya kung'oka ukiwa njiani.

Upepo naweka psi 28 mbele na 32 nyuma kwenye lami, nikiingia vumbi nashusha hadi 22 na 24. Chini ya 18, bila kishikio cha tairi kwenye rimu, breki na moto vinaweza kulizungusha tairi likaikata vali. Kwenye mawe sishushi upepo kabisa, kwa sababu jiwe linaibana tyubu kwenye ukingo wa rimu na kuacha matundu mawili yanayotazamana. Ukiyakuta hayo, tatizo ni upepo, usitafute msumari.

Kilometa 150 za mwanzo ilaze pikipiki taratibu kwenye kona, mpira mpya unateleza.