Kabureta ya zamani: uisafishe au ununue mpya?

Pikipiki ndogo iliyolala miaka, tuseme Honda Z50 ya cc 49, mara nyingi inagoma kuwaka kwa sababu petroli iliyoachwa ndani imegeuka utando unaonata na kuziba jeti, yaani vitundu vya kupitishia mafuta ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Kusafisha kunataka subira. Fungua kabureta yote, iloweke kwenye dawa ya kusafishia, kisha pitisha upepo wa kompresa kila tundu. Msumbufu ni jeti ndogo, ile inayolisha injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta: tundu lake halifiki hata nusu milimita, na ukilichokonoa kwa waya wa chuma utalipanua. Gasketi (vipande vya kuzuia uvujaji kwenye maungio) zilizokauka, badilisha tu. Faida ni kwamba vipimo vya kiwandani vinabaki, na watoto wanapata kazi ya kupanga skrubu (zitapotea mbili tatu, zoea).

Kabureta mpya ya kuiga hufungwa upesi, ila jeti zake huenda zisiendane na injini. Itawaka, halafu ikwame ukivuta mafuta. Mimi ningeinunua tu kama ya zamani imepasuka au imelika. Kwa vyovyote tangi lisafishwe kwanza, la sivyo kutu itashuka tena kwenye jeti.