Tathmini ya kabla ya darasa la kwanza kwa mtoto mwenye usonji: nililipa 280,000, nilichopata ni hiki

Naandika hii Machi, wiki ya kumi tangu shule zifunguliwe. Ningeweza kuandika mapema, ila kwa kazi yangu najua fundi anayesifia friji siku ileile aliyoliwasha ni tapeli, au ni mgeni wa kazi. Mimi natengeneza mafriji, Temeke, mwaka wa kumi na tisa huu.

Mtoto wangu wa pili ana miaka sita na miezi saba. Amerithi jina la baba yangu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Babu. Alipokuwa na miaka minne tuliambiwa ana usonji, ule wa ngazi ya kwanza, yaani mdogo. Huo udogo wanaujua waliouandika kwenye karatasi. Anaongea, anakula mwenyewe, anasoma. Tena kusoma kwenyewe si mchezo: nikiingia uani na friji la mteja anazunguka nyuma kwenye kompresa, anainama, anasoma kibandiko chenye jina la gesi. "R600a." Au, "R134a, baba." Hajakosea hata mara moja. Ila ukimwambia "Hujambo?" naye anakwambia "Hujambo?", na bibi yake akikaa kusubiri shikamoo atakaa mpaka magharibi.

Mwaka jana Oktoba uandikishaji ulipoanza, nyumbani tulikuwa kambi tatu. Sera inasema mtoto aanze darasa la kwanza na miaka sita, akiwa amepita mwaka mmoja wa awali, na Babu yote mawili alikuwa nayo. Mama mkwe akasema aende, atachangamka hukohuko, mbona baba yake naye alichelewa kusema (sikuchelewa). Mke wangu alitaka arudie awali. Mimi sikuwa na jibu. Nilimfuata mwalimu wake wa awali, akanijibu maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Kusoma anawashinda wote, Baba Zuhura. Ila kuna siku sijui kama yumo darasani."

Ndipo tukaelekezwa kwenye kituo kimoja cha tiba za watoto, upande wa Kinondoni. Jina silitaji, kwa sababu Babu bado anakwenda pale kila Jumamosi na sitaki dada wa mapokezi anikate jicho. Huduma yenyewe wanaiita tathmini ya utayari wa shule. Ni siku tatu: ya kwanza mwanasaikolojia, ya pili mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku), ya tatu wanakwenda shuleni kwenyewe. Bei 280,000, unalipa nusu kwanza. Nauli ya mtaalamu siku ya shule ni juu yako, na hilo hawakulisema mpaka ilipofika siku yenyewe. Mimi ilinitoka 40,000 nyingine.

Nianze na mabaya. Miadi yetu ilikuwa saa tatu asubuhi, tukaingia saa tano kasoro. Chumba cha kusubiria kina televisheni ya katuni imefunguliwa sauti hadi mwisho, nyuma ya ukuta kuna jenereta, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Kituo cha watoto ambao wengi wao kelele inawaumiza! Babu alikwenda chini ya benchi na hakutoka. Tulipoitwa alikuwa ameishiwa kabisa, kama simu iliyobaki asilimia mbili. Mwanasaikolojia akamuuliza maswali, Babu akamrudishia maswali yaleyale, mama yule akaandika kwamba umakini ni mfupi. Nikamwambia, mama, huyu umakini wake umebaki chini ya benchi lenu. Sifa yake nampa: hakukasirika. Alifuta, akatupangia siku nyingine saa mbili kamili asubuhi, bila kudai hela.

Kabla ya hapo walitudai karatasi ya kipimo cha masikio. Mke wangu aliona ni mzunguko wa bure, mimi nawatetea. Mtoto asiyeitika huenda hasikii, na kipimo cha masikio ni rahisi kuliko miaka ya kubahatisha. Walitupa pia dodoso la kurasa sita tujaze nyumbani. Tulilijaza usiku, mimi nasoma, mke wangu anajibu, mpaka swali la choo. Anakwenda choo mwenyewe? Ndiyo. Choo cha shuleni kikoje? Tukatazamana. Nyumbani choo chetu ni cha kukaa. Awali yake ilikuwa ya saa tatu tu kwa siku, na sasa ndiyo tukaelewa kwa nini kila siku akirudi alikuwa anapita mbio bila kuvua begi. Mwaka mzima mtoto alikuwa anajibana! Kuanzia wiki hiyo tulikuwa tunampeleka kwa jirani mwenye choo cha kuchuchumaa, jioni kwa jioni, na ndoo yake ya maji na kopo. Ilichukua wiki tatu. Hata wangetuuzia lile swali moja peke yake, ningelipa.

Siku ya pili ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Chumba kimya, kiyoyozi, mkeka msafi, dada mmoja mpole na mtoto mmoja. Babu alipanga vipande, akakata karatasi kwa mkasi, akahesabu, akaandika jina lake lote. Mke wangu alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Mimi nilikuwa nafikiria friji. Mteja analeta friji linasumbua, unaliwasha karakana likiwa tupu, linagandisha vizuri kabisa, unamwambia chukua, hilo ni zima. Siku ya pili anakupigia. Friji hupimi tupu. Unalijaza chupa za maji, unafungua mlango na kufunga mara ishirini kama nyumba yenye watoto wanavyofanya, ndipo unajua. Nikamwambia dada hivyohivyo. Akacheka, akasema, "Basi subiri, Baba Zuhura."

Akatoka, akarudi na watoto wengine wanne. Akasimama katikati, sauti ya kawaida tu: "Watoto wote, vueni viatu, viwekeni mlangoni, mje mkae kwenye mkeka." Wanne wakavua. Babu alibaki ukutani anasoma kibandiko cha kiyoyozi. Akarudia mara ya pili, vilevile. Hakuna. Kisha akasema, "Babu. Vua viatu." Akavua palepale. "Babu. Weka mlangoni." Akaweka, akakuta viatu vya wenzake vimezagaa, akavipanga vyote kwa ukubwa, vidogo kushoto.

Dada akaniambia kwa lugha nyepesi: neno "wote" yeye hajioni yumo. Ukimwita jina anakuja, usipomwita anadhani unaongea na watu wengine. Darasa la kwanza lenye watoto tisini, maagizo karibu yote ni ya "wote". Fungueni daftari, simameni, nendeni mkanawe. Mtoto atakayebaki amekaa hapo mwalimu hatamwona mgonjwa, atamwona jeuri, na fimbo za shule zetu tunazijua. Nilikaa kimya. Nilikuwa nimelea mtoto miaka sita na jambo hilo sikuwahi kuligundua, maana nyumbani tuko watano na kila mtu anaitwa kwa jina.

Siku ya tatu ndiyo iliyobeba hela. Tulikwenda shule mbili za serikali. Ya kwanza ni dakika tano kwa miguu kutoka kwetu: mwalimu mchangamfu, yuko peke yake, watoto wamekaa wanne wanne kwenye dawati. Ya pili ni daladala mbili, lakini mwalimu wa darasa la kwanza alisomea elimu maalumu kule chuo cha ualimu Patandi, Arusha. Watoto kule nao ni wengi, tusidanganyane, niliwahesabu themanini na sita. Niliuliza pia kuhusu shule zenye kitengo cha usonji, kama Msimbazi Mseto pale Ilala. Dada akasema tukiweke akiba. Kwa mtoto anayesoma na kujihudumia, tuanze na darasa la kawaida, tukiona amezama tusione haya kuhama.

Na kuna kengele. Shule ya pili kengele yake ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mwarobaini, inagongwa na kipande cha nondo. Ilipolia Babu alijikunja chini, viganja masikioni, akaanza kuimba namba. Dada hakumgusa. Alitoa simu, akairekodi ile kengele ilipogongwa tena, akatupa kazi ya nyumbani: mchezesheeni kila siku kabla ya uji, sauti ya chini kabisa, kila wiki ongezeni kidogo. Kisha akamwomba mwalimu mkuu, kwa heshima zote, mtoto aruhusiwe kuigonga mwenyewe. Mzee yule alisita, akakubali. Babu akagonga mara moja, akatutazama. Akagonga tena. Ilibidi nondo anyang'anywe, maana madarasa matatu yalikuwa yameshaanza kutoka nje.

Sasa lawama yangu kubwa. Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili: kurasa kumi na moja, imejalidiwa, Kiingereza kitupu. Mtoto anakwenda shule inayofundisha kwa Kiswahili, baba fundi friji, mama anauza vitenge, ripoti hiyo ni ya nani? Hitimisho lake, kwa nilivyotafsiriwa na shemeji yangu, ni kwamba mtoto "yuko tayari kwa msaada". Hiyo ni kama nikuandikie risiti kwamba friji lako ni zima likitengenezwa. Niliomba Kiswahili, mapokezi wakasema tafsiri ni 70,000. Nikasema silipi nusu iliyobaki. Tukavutana mpaka dada wa tiba akatoka ndani, akachukua karatasi moja ya mistari, akaandika kwa mkono wake pale pale kaunta. Nainukuu yote, kwa sababu hiyo ndiyo bidhaa:

"Mwalimu, huyu anaitwa Babu. Mwite jina kwanza, subiri kidogo, kisha mpe agizo moja. Akirudia swali lako hakudharau, bado analitafuta jibu. Akae mbele pembeni, mbali na dirisha la kengele. Mwambie kabla kitu hakijabadilika. Akiziba masikio mwache atoke mlangoni, atarudi mwenyewe. Tafadhali asichapwe kwa kutoitika. Mpe kazi ya kugawa madaftari, anajua majina yote."

Mistari minane. Mwalimu ameibandika ndani ya jalada la daftari la mahudhurio. Ile ya kurasa kumi na moja iko juu ya kabati.

Tulimwandikisha shule ya pili, aanze Januari. Kurudia awali tulikuachilia mbali, kwa sababu mtoto anayesoma vibandiko vya kompresa ukimrudisha kwenye a, e, i, o, u atachoka, na tatizo lake halikuwa herufi. Mwezi wa kwanza alikuwa anaondoka saa nne, baada ya uji, kwa makubaliano na mwalimu. Mwezi wa pili hadi saa sita. Hali ikoje sasa? Choo, hakuna shida. Madaftari anagawa, na mtoto akiwa hayupo Babu anagoma kuruka jina mpaka aambiwe "hayupo". Kengele ya saa nne anaisubiri mwenyewe amesimama. Ila ikigongwa ghafla, isiyo na saa yake, kama Jumatano iliyopita alipokuja mgeni kutoka halmashauri, bado anaingia chini ya dawati. Rafiki hana. Kuna mtoto mmoja anakaa karibu naye kwa sababu Babu humchongea penseli. Sijui kama hiyo inahesabika. "Wote" bado haimwingii.

Kwa hiyo nawapa nyota ngapi? Mapokezi, moja, na hiyo ni kwa ajili ya feni. Mwanasaikolojia, tatu. Dada wa tiba kwa vitendo, zote tano, na kama kingekuwa kituo chake ningempelekea mafriji bure. Kama mtoto wako haongei au hajihudumii, sidhani hii ndiyo pa kuanzia, utalipa kuambiwa unachokiona. Kama wako ni wale ambao watu wanakwambia "mbona mzima tu", nenda.

Ukienda, omba miadi ya saa mbili asubuhi, kabla jenereta halijawashwa. Uliza nauli ya siku ya shule mapema na ukatae tathmini isiyo na siku hiyo. Beba daftari lake la awali na kitu anachokipenda. Sisi tulibeba kibandiko cha zamani cha Hitachi. Na nusu ya mwisho usiilipe mpaka uishike mkononi karatasi ya Kiswahili.