Linotype: Mashine Inayosubu Mstari Mzima

Haya watazamaji wangu, karibuni. Hii niliyosimama mbele yake ni Linotype, mashine ya kupanga na kusubu mistari ya herufi za kuchapia. Ina uzito unaopita tani moja, na kwa maoni yangu hakuna mashine ya kiwanda cha chapa iliyowahi kubuniwa kwa akili nyingi kuliko hii. Aliyeibuni ni Ottmar Mergenthaler, fundi saa Mjerumani aliyehamia Marekani, na gazeti la New York Tribune lilianza kuitumia mwaka 1886. The New York Times waliiacha mwaka 1978 tu!

Tusogee kwenye kibodi. Vitufe ni 90: vyeusi kushoto vya herufi ndogo, vyeupe kulia vya herufi kubwa, na vya buluu katikati. Bonyeza kimoja, sikiliza... umeisikia? Ni kalibu ndogo ya shaba imeteremka kutoka sanduku lile la juu. Kati ya neno na neno inaingia kabari ya chuma. Mstari ukikaribia kujaa, kabari zinasukumwa juu, maneno yanaachana mpaka upana unatimia. Kisha madini ya risasi yaliyoyeyushwa pamoja na bati na metali ya antimoni, nyuzi 285 hivi za Selsiasi, yanaingia kwenye kalibu, na mstari mzima unatoka umeshasubiwa. Usiuguse, bado unaunguza.

Lakini alama zangu zote naziweka hapa: mkono huu unaoshuka kuzichukua kalibu zilizotumika ili zirudi kwenye sanduku la juu. Tazama kichwa cha kalibu hii, kina meno. Kila herufi ina mpangilio wake wa meno, kama ufunguo na kitasa chake. Inaning'inia kwenye reli, inasafiri, na pale reli zinazoyashika meno yake zinapokatika, inadondoka kwenye mfereji wake. A inarudi kwa a, na mpangaji wa herufi yuko mstari mwingine tayari.

Ubaya wake ni kwenye masahihisho. Herufi moja ikikosewa, mstari wote unasubiwa upya. Ndiyo maana mpangaji aliyekosea aliteremsha kidole kwenye safu mbili za kwanza za vitufe ili mstari ujae na utupwe. Ukisahaulika, wasomaji walikutana na "etaoin shrdlu", yaani herufi za safu hizo mbili, gazetini. Na mstari ukiwa mlegevu, risasi ya moto inaruka nje. Kwa kitabu chenye majedwali mengi ningechagua Monotype ya Tolbert Lanston, inayosubu herufi moja moja, maana unang'oa iliyokosewa na kuweka nyingine.

Kwa habari za gazeti, Linotype, bila kusita.

Ukipata iliyotumika, usidanganyike na rangi mpya. Omba isubu mstari mbele yako, upake wino, uuchape. Ukiona vistari vyembamba kama unywele kati ya herufi, kuta za kalibu zimelika na risasi inapenya. Hapo hesabu bei ya kalibu mpya kabla hujatoa pesa yako.